Vidonda Viwili, Mate Yale Yale

4 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi, uzigawe mwenyewe maana mimi kwa kugawa sina mkono mzuri: nusu zako, nusu za huyo jirani yako anayekuazima pasi. Sisi wazima. Mama yako, dada yangu, alipita karakanani Jumapili. Akasema pana vumbi, kisha akakaa saa tatu ndani ya vumbi hilo hilo akinieleza jinsi ya kuliondoa. Mke wangu hajambo. Anauliza kama unakula, na asema usijibu ndiyo tu, utaje ulichokula.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu zimenichosha. Mtu anapiga kuuliza kama kochi lake limekwisha. Ukimwambia bado, anataka umweleze, na kueleza ni kazi. Kwa hiyo nimeizima, nimenunua bahasha.

Kazi ipo. Nina viti ishirini na vinne vya ukumbi wa mikutano, vyote vimezama katikati kana kwamba wajumbe walikuwa wakichota maji kwa makalio. Nafumua, naweka sponji mpya, navisha kitambaa. Wenzangu wote sasa wana stepla za umeme, mimi bado ni yule yule wa misumari mdomoni. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinihesabia? Misumari midogo thelathini shavu la kushoto, ulimi unaugeuza mmoja mmoja, kichwa kitangulie, nyundo ya sumaku inaupokea midomoni. Ulisema nitameza. Miaka thelathini sasa, na niliyoimeza ni miwili tu, tena yote ilirudi salama.

Sasa, Bi Mate (samahani, ndivyo unavyoitwa hapa nyumbani tangu tuliposikia kazi yako ni kuchunguza mate ya watu, mama yako huwaambia majirani uko "kwenye sayansi" na kubadilisha mazungumzo), nina swali dogo. Misumari hunichoma mdomoni kila siku. Nikichomwa asubuhi, kesho yake sipaoni. Nikichomwa kidoleni, wiki nzima natembea na kitambaa. Kwa nini? Nauliza kwa sababu nina kakidonda pembeni mwa ulimi, kushoto, ka wiki hii hii, na kanachelewa kidogo kuaga. Si kitu. Ni udadisi tu.

Mjomba wako, fundi makochi


19 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mwenzangu wa maabara akacheka hadi akaondoa glavu. Mwambie mkaza mjomba jana nilikula wali na maharage, juzi mkate na yai, na Jumatatu nilisahau. Jirani wa pasi amepokea nusu yake.

Swali lako ndilo linalonipa mshahara. Mate si maji matupu, mjomba. Ndani yake mna protini ndogo ndogo tunazoziita vichocheo vya ukuaji. Nyama ikichanika, zile seli za ukingoni mwa jeraha, yaani vile vipande vidogo kabisa ambavyo mwili umejengwa kwavyo, hupokea habari kutoka kwa vichocheo: amkeni, zaaneni, tambaeni mkutane katikati. Mkononi habari hiyo hufika pia, lakini kwa kuchelewa, na ngozi ni kavu. Mdomoni jeraha limelowana muda wote ndani ya tangazo lenyewe. Ndiyo maana mdomo hufunga haraka, na mara nyingi hauachi hata kovu.

Hapa tunalinganisha mate ya watu ambao midomo yao hujeruhiwa kazini na ya watu wa kawaida. Nimepata washona viatu, wapiga tarumbeta, na dada mmoja mshonaji anayeshika pini kwa meno. Fundi makochi wa misumari sina. Utanisaidia? Kichupa kimo ndani ya boksi hili. Usile saa moja kabla. Kaa, inamisha kichwa, acha mate yajikusanye, usikohoe. Ukifika kwenye mstari, kiweke kwenye barafu, mtu wa vifurushi atakipitia Ijumaa. Fomu uitie sahihi.

Mjomba, andika pia tarehe kidonda hicho kilipoanza. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu hakijafunga, huonyeshwa kwa daktari, kiwe kinauma au hakiumi. Si udadisi tu.

Mpwa wako


8 Machi

Bi Mate,

Salamu, na pole kwa baridi ambayo mama yako ameiota iko huko. Hapa kuna joto na viti kumi na saba vimekwisha. Mwenye ukumbi alikuja, akakaa kwenye kila kimoja kwa zamu, akaniambia cha tisa ni bora kuliko vingine. Vyote nimevitengeneza sawa. Tangu hapo nakitazama cha tisa na sielewi.

Kichupa kinakuja. Kililala kwenye friji karibu na mayai, na mke wangu amesema ndoa yetu imeona mengi lakini hilo limezidi. Fomu nimetia sahihi mahali penye alama.

Umenieleza vizuri hadi nimechanganyikiwa zaidi. Kama jeraha limelowana ndani ya tangazo, basi kila kidonda cha mdomoni lazima kisikie. Hakuna mlango wa kufunga. Au kuna vidonda viziwi?

Sponji zimepanda bei. Nakwenda kufumua cha kumi na nane.

Mjomba


2 Aprili

Shikamoo mjomba,

Natumaini hujambo, na mkaza mjomba, na kiti cha tisa. Mama alinipigia, akasema ulikwenda kwake ukakataa chai. Nikamwambia labda ulikuwa umeshiba. Akasema wewe hujawahi kushiba.

Sipaswi kukuandikia hili, lakini mikono inaniwasha. Mate yako yamewashangaza watu. Kati ya vichupa kumi na tisa, chako ndicho chenye vichocheo vingi kuliko vyote, karibu mara mbili ya kinachofuata. Mkuu wa maabara, yule mama asiyetabasamu, alidhani nimekosea, akapima upya kwa mkono wake, namba ikawa ile ile. Alitarajia mtu wa umri wako awe na kidogo. Akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni fundi makochi mmoja. Nilijisikia kama nimemzaa mimi.

Kwa hiyo nadhani kile kidonda kimeshasahaulika. Mdomo kama wako, mjomba, ungefunga hata shimo la barabarani.

Tarehe hukuandika. Lakini nadhani sasa haina haja.

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Kabla ya salamu leo kuna hukumu. Mke wangu amesema nisipokuandikia ataandika yeye, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Amesimama mlangoni amekunja mikono. "Mwambie," anasema. "Mficha maradhi, kilio humfichua." Nimemwambia nianze kwa habari za nyumbani. Amesema habari za nyumbani ndizo hizi.

Mate yale si yangu. Ni yake.

Acha nieleze, ucheke ukipenda. Siku ile nilikaa na kichupa kama ulivyosema, nikainamisha kichwa. Dakika ishirini. Nilipata povu la kujaza kifuniko. Nilifikiria ndimu, nikamfikiria mtu akila ndimu, nikaliangalia ndimu lenyewe. Hakuna kitu. Mdomo wangu ni mkavu tangu mwaka jana waliponibadilishia vidonge vya presha, ila nilidhani ni umri. Mtu wa vifurushi akabisha hodi. Mke wangu akanipokonya kichupa, akasema, "Lete hapa, mtoto asikose kazi yake," akakijaza haraka kuliko ninavyojaza kikombe. Nikameza fedheha, kwa shida, maana hata ya kumezea sikuwa nayo. Kisha nikatia sahihi.

Barua yako ilipokuja na sifa zile, nilimsomea. Akafurahi, akajitazama kwenye kioo. Na mimi, mpwa wangu, hapa ndipo nisipojielewa: na mimi nikafurahi. Nilijua kabisa mate si yangu, na bado nikasema moyoni, basi nitapona. Kituo cha afya nilichokuwa nimekipangia Jumatatu nikakiacha. Mtu wa miaka hamsini na minne amefarijika kwa mate ya mkewe. Niandike kwenye vitabu vyenu.

Tarehe uliyoitaka ni wiki ya pili ya Januari; lile la "wiki hii hii" lilikuwa uongo. Nilikuwa namalizia viti vya kinyozi. Sikuandika kwa sababu nilihesabu, hesabu ikanitisha, nikaona afadhali ibaki haijaandikwa. Sasa chai ya moto siiwezi. Misumari nashika kulia. Simu niliizima kwa sababu kuongea kunachoma. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Mke wangu ameondoka mlangoni. Anaosha vyombo kwa nguvu.

Mjomba


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva wa vifurushi mkononi.

Nenda kesho. Si Jumatatu, wala si ukimaliza viti. Kesho asubuhi, pale penye daktari wa meno na kinywa, na mkaza mjomba aende nawe aingie ndani, asibaki kwenye benchi. Umwambie daktari: Januari, wiki ya pili. Sema hivyo hivyo. Na vidonge vya presha uende navyo kwenye pakiti yake.

Sicheki. Nimejaribu kucheka lile la ndimu na nimeshindwa.

Kosa ni langu kuliko lako. Kwa kanuni za hapa hatumwambii mtu namba yake, kwa sababu namba ile haisemi kitu juu ya mtu mmoja. Nilijua. Hakuna mate yanayoweza kukwambia kidonda chako ni cha aina gani, yawe yako, yawe ya jirani. Wewe uliniuliza juu ya kidonda, nami nikakujibu kwa sifa. Kisha nikaandika kwamba tarehe haina haja. Sentensi hiyo nimelala nayo siku mbili.

Nimemweleza mkuu. Kichupa kimeondolewa, na mimi naandika maelezo. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Na yeye je, amekwenda?"

Uliuliza kama kuna vidonda viziwi. Nimelifikiria. Vile vichocheo havichagui, mjomba. Huita seli njema zikue, na kama kuna zisizo njema, nazo husikia. Zaidi ya hapo kuna neno ambalo sina haki ya kuliandika kabla daktari hajaangalia. Labda hatakuwa na haja nalo.

Nijibu kwa mistari miwili.

Mpwa wako


28 Mei

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata, nawe zipokee. Mistari miwili haitoshi, nivumilie.

Nilikwenda ile kesho uliyosema. Daktari wa meno ni kijana mwenye vidole vyembamba, nikamwonea wivu, angefaa sana kushona pembe za mito. Akatazama, akapapasa shingo yangu, akapapasa tena. Akaona gego moja la chini, kushoto, limevunjika, lina ncha kama shoka. Akasema huenda ndilo linalosugua ulimi. Tuling'oe, tusubiri wiki mbili tuone. Na misumari ikae kwenye kopo.

Nilitoka nikiruka. Jino tu, kumbe. Mke wangu akanunua tikiti maji. Siku ya tatu shimo la jino lilikuwa wazi, naliona kwa kioo cha kunyolea. Siku ya saba limejaa nyama ya waridi. Siku ya kumi na mbili ulimi ulipapasa pale usijue mlango ulikuwa wapi. Mate yangu mwenyewe, mpwa wangu, haya machache, ya povu. Nikataka nikuandikie siku ile nijisifu.

Nikasogeza kioo kidogo. Kidonda cha ulimini kipo. Kingo zake ngumu kama pindo lililoshonwa mara mbili.

Nilikaa kwenye kiti cha mteja na kioo mkononi. Vidonda viwili, chumba kimoja, mate yale yale. Kimoja ni cha juzi, tena kirefu, kimefunga. Kingine ni cha Januari, chembamba, hakitaki. Tangu Februari nimekuwa nikiuliza mate yana kasoro gani, na hiyo siku nikaona kwamba swali lenyewe ndilo nililolikosea. Kabla daktari hajasema neno, nilijua.

Walikata kipande kidogo wakakipeleka kupimwa. Jibu limekuja jana. Ni saratani. Nimeiandika mimi ili wewe usihangaike kuiandika. Wanasema ni ndogo bado, shingo haijaguswa, na wanataka kukata pembe ya ulimi, tarehe kumi na moja Juni.

Hapa ndipo nilipo sasa, na nimepotea. Daktari anasema nitaongea, lakini si kama zamani, na hajui ni kiasi gani. Mimi ni mtu wa kuongea. Watu huja kuvisha kochi na hurudi kwa ajili ya maneno, kitambaa wangekipata popote. Mtu mmoja hapa mtaani anasema nisiwaruhusu, kidonda kikiguswa na kisu hukasirika, ninywe mizizi yake. Mke wangu amemwonyesha njia. Lakini yale maneno yamebaki sikioni. Na swali la pili: hapo watakapokata, kwa mdomo mkavu hivi, patafunga kwa kitu gani?

Nimewaambia nitajibu tarehe tano. Wewe ungefanyaje? Usiniandikie kama mtu wa maabara.

Mjomba


2 Juni

Shikamoo mjomba,

Kubali.

Nimeandika kurasa tatu nikazichana. Mama yuko hapa kwangu tangu jana. Nilimwambia, naomba unisamehe. Akasema, "Huyo akikatwa ulimi wote bado atabisha." Akaenda jikoni, akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu bila chombo chini yake.

Umeniomba nisiwe mtu wa maabara, lakini jambo moja la maabara ulilifanya wewe mwenyewe kwa kioo cha kunyolea. Shimo la jino lilifunga. Mdomo wako unajua kufunga, hata kwa mate hayo machache. Pale penye ugonjwa tu ndipo haufungi. Wakiondoa pale, kitakachobaki ni jeraha la kawaida. Litachelewa kidogo, ndiyo. Mwambie daktari akubadilishie vile vidonge, na unywe maji kidogo kidogo. Kisu hakikasirishi kidonda. Kinachokuza kile kitu ni kuachwa, na tumeshakiacha miezi mitano, mimi nikiwemo.

Kuhusu kuongea sijui. Ningekudanganya ningesema najua, na nimeshakudanganya mara moja bila kutaka. Najua hivi tu: ninapokusikia kichwani mwangu, ni wewe unayeandika. Na barua zako zimekuwa na maneno mengi kuliko simu zako zote.

Likizo nimepewa kuanzia tarehe thelathini. Nitakuja. Kubali, mjomba, tafadhali.

Mpwa wako


22 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kitanda cha sita, wodi ya dirisha kubwa. Jirani wa kushoto anakoroma, wa kulia anasali ili wa kushoto aache. Naandika kwenye daftari ambalo kwa siku kumi na moja lilikuwa ndicho kinywa changu, na mke wangu anasema zilikuwa siku kumi na moja za amani ambazo hakuzijua tangu harusi.

Walikata. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, daktari alinionyesha kwa kidole chake. Jana aliniambia wamepima kingo za walichokitoa na zote ni safi. Nilimwandikia arudie. Akarudia. Bado natakiwa kurudi kila mwezi wanitazame, na hakuna aliyeniahidi kitu. Vidonge vimebadilishwa. Mshono unafunga polepole, na muuguzi huuchungulia kwa tochi na kusema "endelea," utadhani mimi ndiye ninayefanya kazi.

Nilikuwa nakula kwa mrija wa puani. Leo mchana wameutoa, wakaruhusu supu. Mke wangu aliileta kwenye chupa ya chai, akapuliza, akaniwekea kijiko cha kwanza mdomoni, kulia. Nikaigeuza kwa hiki kiulimi kilichobaki. Nikameza. Nikajaribu kusema. Ilitoka nzito, kama mtu aliyejaza pamba.

Akainama. "Umesema nini?"

Nikarudia.

Akaweka kijiko mezani, akageukia dirishani akakaa hivyo, mabega yakimcheza. Muuguzi akaja haraka kuuliza kama kuna shida.

"Hakuna," mke wangu akamjibu, bado kampa mgongo. "Anasema haina chumvi."

Mjomba wako